Baba na Mama wa Vilapata

Kule La Paz, kwenye ikulu ya nchi, serikali moja huingia kwa kura, nyingine huingia kwa maandamano, na zamani zilikuwa zikiingia kwa vifaru. Sisi tumeshazoea. Redio inatangaza kwamba rais mpya ameapa, nasi tunaendelea kuchambua mbegu za viazi. Serikali ya kijiji chetu cha Vilapata haijapinduliwa hata siku moja, kwa sababu hakuna anayeigombea. Inapita nyumba kwa nyumba kufuata mashamba yalivyopakana, na zamu ikikufikia imekufikia. Huombi kura wala hubandiki picha yako ukutani. Unaweza kuomba usamehewe, lakini nani akusamehe, wakati yeye mwenyewe aliitumikia zamu yake huku lama wake wakifa zizini?

Tena zamu haimwangukii mtu mmoja. Inawaangukia mke na mume, na wote wawili ndio serikali. Mume huvaa joho la mistari na kofia, mjeledi wa ngozi begani. Mke hubeba mgongoni furushi la majani ya koka ya kutafuna. Ugomvi wa mipaka, zamu za maji, wizi wa mifugo, ndoa zinazoyumba, baridi ikiunguza mazao, yote ni juu yao. Kuanzia siku ya kupokea mpaka siku ya kukabidhi, kijiji kizima huwaita Baba na Mama, hata kikongwe aliyewaogesha utotoni.

Ndiyo maana zamu ilipokaribia nyumba ya Nemesio Alanoca na mkewe Basilia Chambi, watu walianza kukohoakohoa mikutanoni. Nemesio na Basilia hawakuwa na mtoto.

Namfahamu Basilia tangu aje kuolewa. Ukuta wa zizi langu ndio ukuta wa zizi lake, na miaka yote hiyo hatujagombana ila juu ya mbwa wake. Alizaliwa kando ya ziwa, wakati ziwa lile lilipokuwa bado ziwa. Siku hizi ukienda utakuta uwanda wa chumvi, na mitumbwi imekaa juu ya udongo uliopasuka, na ndugu zake wametawanyika hadi Chile kuvuna zabibu za watu. Siku moja tukimenya viazi aliniambia, bila kulia wala kuinua macho, "Mwenzangu, mimi kwetu kumekauka." Basi. Hakulirudia tena neno hilo, wala mimi sikulisahau.

Nemesio alikuwa mtu wa mgodi. Ujana wake wote aliuzika chini ya mlima akichimba bati, akirudi nyumbani kwa sikukuu na kwa mazishi, na mgodi ulipofungwa akarudi moja kwa moja na kifua kinachopiga filimbi. Kwa hiyo Basilia ndiye aliyelima, ndiye aliyechunga, ndiye aliyejenga ukuta. Na malipo yake? Vijana walimwita nyumbu, yule chotara wa punda na farasi anayebeba mizigo ya kila mtu na hazai. Walimwita kwa kunong'ona, lakini kwa mnong'ono ule ambao mwenyewe lazima ausikie. Nawachukia mpaka leo waliosema hivyo, na baadhi yao ni ndugu zangu.

Kwenye mkutano wa kupanga zamu alisimama Fortunato Alanoca, mdogo wake Nemesio. Fortunato si mtu mbaya, nasema hivi nikijilazimisha. Ana sauti kubwa, na mtu mwenye sauti kubwa hufikiri kila anachosema ni kweli.

"Jamani, huyu ni kaka yangu, damu moja," alisema. "Lakini tuambizane ukweli. Mtu asiye na mtoto tutamwitaje baba? Tuiruke nyumba hii, zamu ije kwangu."

Kila mtu pale alijua maana yake. Nyumba inayorukwa haina sauti tena mkutanoni, na shamba lake hurudi kwa kijiji, na kijiji humpa ndugu wa karibu. Ndugu wa karibu ni nani? Ni huyohuyo aliyesimama.

Nemesio alitaka kujibu akashikwa na kikohozi. Basilia akasimama badala yake, akajikung'uta sketi.

"Shemeji," alisema, "jaribu kuniita mama mara moja tu. Ulimi wako ukidondoka, nitakuokotea."

Watu walicheka, na Mzee Hilarión, aliyekuwa mkubwa kuliko wote, akacheka hadi akafuta machozi. Kicheko kile ndicho kilichowapa zamu. Lakini Fortunato aliketi akisema kwa sauti ya kusikika, "Sawa. Mwaka ni mrefu. Wakiteleza kidogo tu, mwaka hauhesabiki, na tutakutana hapahapa."

Kwetu mwaka usiohesabiwa ni sawa na nyumba iliyorukwa, na unaweza kutohesabiwa kwa mambo machache; moja ni kofia. Baba akishaivaa mbele ya watu siku ya kupokea, haivui tena mbele ya watu mpaka siku ya kumkabidhi mwenzake. Akiivua, ameuacha mwaka njiani. Padri anayekuja kwa Pasaka hulalamika kila mara, nasi humwacha alalamike. Siku chache baada ya kupokea, Nemesio alikwenda mjini kwa mkuu wa wilaya kuomba bomba la kisima. Afisa mmoja mwenye shati jeupe akamwambia, "Mzee, hii ni ofisi ya serikali. Vua kofia."

Nemesio akajibu kwa pumzi zake za vipande vipande, "Bwana mkubwa, nami ni serikali. Vua wewe."

Afisa hakuwa na kofia. Bomba hatukupata, lakini hadithi hiyo ilitutosha kwa msimu mzima, na hata Fortunato alionekana akiisimulia mnadani huku akijigamba kuwa ni kaka yake.

Kisha, mwezi wa pili, viazi vikiwa na maua na nafaka ya kinoa imeanza kuwa nyekundu, ilishuka mvua ya mawe.

Ilianza mchana, upande wa milima yenye theluji. Wingu jeupe lililojaa kishindo lilishuka uwandani, na mpaka tunapiga fataki kulifukuza, lilikuwa limeshapita. Mashamba ya chini yalilala kama yamekanyagwa na jeshi. Siku chache baadaye ikaja tena, ikachukua ya katikati. Nilimwona jirani yangu mmoja ameketi katikati ya shamba lake, ameshika shina moja la kiazi.

Watu wa mjini wana maelezo yao juu ya mvua ya mawe, na mwalimu wa shule huwafundisha watoto maelezo hayo, na sikatai. Lakini Vilapata kuna jambo linalojulikana na kila mtu. Mimba ikitoka, hata ikiwa changa namna gani, inapewa jina, inanyunyiziwa maji, inazikwa kwa kitambaa cheupe kilimani, na watu wanasikia. Ikifichwa, ikazikwa kimyakimya bila jina, mtoto yule analia chini ya udongo, na kilio chake kinaita barafu. Kwa hiyo mvua ya mawe ikirudia, mkutano unataka kujua kitu kimoja tu. Ni mwanamke gani?

"Wakusanywe uwanjani," alisema Fortunato. Shamba lake lilikuwa miongoni mwa yaliyolala, na hasira ilikuwa imempanda. "Wanawake wote. Wakamuliwe matiti mmoja mmoja, mwenye maziwa na asiye na mtoto ataonekana. Ndivyo walivyofanya babu zetu. Akionekana, ale mjeledi mbele ya watu."

"Na wewe ndiye utakayekamua?" aliuliza Basilia.

"Mama, usinichezee. Hii ni kazi yenu. Kama hamuwezi kutuonyesha mwenye kosa, basi ninyi ni baba na mama wa kofia tu. Mwaka huu hautahesabiwa."

Mzee Hilarión hakucheka safari hii. Alisema, "Mama atazunguka nyumba zote kuuliza. Akimaliza, atatuambia."

Mama wa kijiji hatembei peke yake katika kazi ya namna hiyo, naye alinichagua mimi. Tuliingia nyumba baada ya nyumba. Basilia alifungua furushi lake, akampa kila mwanamke majani ya koka kwa mikono miwili, akauliza kwa upole. Wanawake walitikisa vichwa. Wengine walijibu haraka mno, wengine walitazama moto. Sikuelewa wakati ule nilichokuwa nakiona.

Nyumbani kwa Fortunato mkewe, Teófila, alikuwa zizini. Ndani tulimkuta Yobana, binti yao mkubwa, msichana aliyekuwa akisoma ualimu mjini Oruro na kurudi ghafla kabla ya Krismasi. Alikuwa amelala amejifunika mablanketi, anasema ana mafua. Basilia aliketi kando yake, hakuuliza kitu. Alimtengenezea blauzi kifuani, mahali palipolowa, akaifunika tena.

Msichana alimshika mkono. "Mama mkubwa, baba ataniua."

"Hatakuua. Nani anajua?"

"Hakuna. Hata mama hajui. Ilitoka yenyewe, naapa, nilikuwa nabeba maji. Sikujua nifanye nini."

"Umemweka wapi?"

"Zizini. Chini ya jiwe la mifugo kulambia chumvi."

Basilia aliweka mkono juu ya nywele za msichana yule. Kisha akasema, "Kesho mtoe kabla baba yako hajaamka. Mfunge kwa kitambaa cheupe. Mtafutie jina. Mengine niachie."

Tulipotoka nje nilimshika mkono. Nilimwambia ukweli mchungu: akimtaja Yobana, Fortunato angeaibika mpaka kaburini, asingethubutu tena kufungua mdomo juu ya shamba lao. Asipomtaja, mwaka wao umekwenda, na shamba pia, na yeye kwao kumekauka.

"Nimeshalifikiria hilo," alisema. "Nililifikiria pale pale kitandani, na nimejionea aibu. Twende."

Jioni ile mkutanoni alisimama katikati, Nemesio kando yake na kofia yake kichwani, kifua kikipiga filimbi.

"Nimeuliza," Basilia alisema, "na nimejibiwa."

"Ni nani?" Fortunato alikuwa ameshasimama.

"Kesho asubuhi kila mwanamke wa Vilapata aliyewahi kulala na mwanamume, aliyeolewa na asiyeolewa, apande kilimani na kitambaa cheupe. Kila mmoja achimbe shimo lake. Kila mmoja ataje jina. Wanaume mtakaa kwenye ukuta wa mawe, pale pa kusikia, na mtanyamaza."

"Hata vikongwe?" Sauti ya Fortunato ilipanda. "Huku ni kumficha mtu. Unamficha nani, Mama?"

"Hata wewe ungepanda, shemeji, kama ungekuwa na tumbo."

Fortunato aliwageukia watu. "Mmesikia wenyewe. Amejua, na hasemi. Kesho hilo likiisha, nitasimama nitake mwaka ufutwe, na nani atanipinga?"

Mzee Hilarión alitafuna majani yake taratibu. "Mambo ya wanawake, serikali ni Mama," alisema. "Kesho tutapanda. Ya mwaka tutayasema baada ya hapo."

Asubuhi ile upepo ulikuwa mkali na mbingu safi, kila mlima unaonekana hadi mpaka wa Chile. Tulipanda kwa mstari, na kila mmoja alikuwa amebeba kitu kidogo cheupe kifuani. Yobana alikuwa katikati yetu, amejitanda shali, mama yake mbele yake. Chake tu ndicho kilichokuwa na uzito, lakini kwa macho vyote vilikuwa sawa. Nilimwona akitembea kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa, nikaenda nikatembea ubavuni mwake.

Tulichimba. Udongo wa pale juu ni mgumu, na kwa muda hakuna kilichosikika ila majembe. Kisha majembe yakanyamaza, na sasa ikabaki kutaja majina, na hakuna aliyethubutu kuanza. Nani atakayekuwa wa kwanza? Wa kwanza ndiye macho yote yatamwangukia. Wanaume walikuwa ukutani, hatua chache chini yetu, na Fortunato mbele yao amekunja mikono, anatuhesabu kwa macho. Yobana alianza kupumua kwa haraka. Niliogopa angeanguka.

Basilia akapiga magoti. Aliweka kitambaa chake shimoni, akakinyunyizia maji kwa vidole, akasema kwa sauti ya kawaida, ile anayoitia kondoo:

"Severino Alanoca Chambi."

Severino ni jina la marehemu baba yao Nemesio na Fortunato.

Nilidhani ni la kubuni. Nilidhani amelitaja ili kufungua njia, ili kumkinga msichana. Kisha nikamwona uso. Mwanamke huyu niliyepakana naye ukuta miaka yote, niliyemwona alfajiri na jioni, aliyeitwa nyumbu mbele yangu nami nikanyamaza. Aliendelea kusema, akiongea na shimo, si na sisi: "Ulikuja wakati baba yako yuko mgodini. Ulikuwa mdogo kuliko kiganja. Nilisema nitamwambia akirudi, na aliporudi alikuwa amechoka sana. Nisamehe, mwanangu, kwa kukukalisha bila jina."

Halafu Bibi Ildefonsa, ambaye hana jino hata moja na ambaye sote tulidhani amekuja kwa sababu ya amri, akapiga magoti akataja jina la kike. Halafu binti yake. Halafu mwanamke wa upande wa pili, majina mawili. Yakaanza kutoka pamoja, huku na huku, mengine kwa sauti, mengine kwa kwikwi, na Teófila mke wa Fortunato akasema "Marcelino" na kuinamisha paji la uso mpaka likagusa udongo. Yobana alitaja jina la mtoto wake katikati ya yote hayo, na hakuna aliyegeuka kumtazama, kwa sababu kila mmoja alikuwa na wake wa kumtazama. Mimi pia nilitaja. Kitambaa changu kilikuwa kitupu, lakini shimo halikuwa tupu.

Tulifukia. Nilipoinua macho nilimtazama Nemesio.

Alikuwa amesimama kando ya wenzake ukutani, anamwangalia mkewe. Midomo yake ilikuwa inacheza, nadhani alikuwa akilirudia lile jina. Kisha mkono wake ukapanda polepole, ukashika ukingo wa kofia, akaivua. Akaishikilia kifuani, mbele ya kijiji kizima. Paji lake la uso, lililokuwa halijaona jua tangu mwaka uanze, lilikuwa jeupe kama la mgonjwa.

Mwaka wao ulikuwa umeachwa njiani, na kila mtu aliona. Basilia naye aliona, na hakumfanyia ishara airudishe. Waliangaliana tu, yeye akiwa magotini na udongo mikononi.

Fortunato alikuwa hatua moja tu kutoka kwa kaka yake. Aliiona kofia. Alifungua mdomo, na mimi ninayemjua nilijua kinachokuja. Lakini alikuwa amesikia jina la baba yake. Alikuwa amesikia "Marcelino" kutoka kwa mke aliyelala naye miaka yote bila kuambiwa. Na alikuwa amesikia sauti ya binti yake, na hakuna baba asiyeitambua sauti ya binti yake hata kwenye kelele za soko. Alitazama kilimani, akamtafuta Yobana, akamwona. Akaufunga mdomo. Kisha akaivua kofia yake mwenyewe.

Mzee Hilarión akavua ya kwake. Halafu wote, mmoja baada ya mwingine, ukuta mzima, vipara na mvi na nywele nyeusi za vijana, zote upeponi. Wanaume wote walikuwa vichwa wazi. Ni nani sasa angesema alimwona Nemesio?

Mvua ya mawe ilirudi, sitaki kudanganya mtu. Ilirudi wiki iliyofuata, ikala mashamba ya juu, langu likiwemo. Mwaka ule tulikula viazi vikavu vya akiba, na vijana wengi walikwenda Chile. Lakini hakuna aliyesimama mkutanoni kuuliza ni mwanamke gani. Tangu siku ile hakuna aliyewahi kuuliza.

Mwaka ulihesabiwa. Mwezi wa kwanza uliofuata Nemesio alimkabidhi joho, kofia na mjeledi aliyefuata, ambaye kwa mpango wa mashamba alikuwa mdogo wake. Basilia alilifungua furushi la koka mgongoni mwake, akamfunga nalo Teófila. Kuanzia saa ile Fortunato ndiye aliyekuwa Baba, na Basilia alikuwa tena Basilia tu, shemeji wa mtu. Shamba lilibaki kwake, na linabaki kwake hata sasa Nemesio akiwa amelala kilimani, karibu na mwanawe.

Wakati wa kupanda wa mwaka huo wa Fortunato ulipofika nilikuwa ukutani nikimfukuza yule mbwa wa Basilia. Nilimwona Fortunato anakuja na ng'ombe wake wawili na plau, bila kuitwa, kofia ya serikali kichwani. Alisimama mlangoni kwa shemeji yake, akangoja mpaka atoke.

"Tuanzie upande gani, mama?" aliuliza.